Kusahihisha Kivuli

Broken Hill, Januari, nyuzijoto arobaini na sita.
Habari yangu ya kwanza gazetini ilihusu joto:
wazee watano wamekaa mbele ya benki, mtaa wa Argent,
"katika shadow ya veranda," nikaandika,
nikajisifu kimoyomoyo.
Karatasi ikarudi mezani kwangu ikivuja damu.
Bi Beryl Trevanion, msomaprufu
tangu herufi zilipokuwa bado za risasi,
alikuwa amelikata neno lile mara mbili,
kama mtu anayehakikisha nyoka amekufa.

"Njoo, Vidulich."
Akanitoa nje, jua likinichoma utosi.
"Chini hapo unaona nini?"
Nikaona mtu wa masizi, bapa, mwenye masikio yangu.
"Huyo ndiye shadow. Ana umbo, ana mwenyewe.
Ukikimbia, anakimbia. Humwingii. Hakupozi.
Haya, sogea." Akanivuta chini ya bati.
"Yuko wapi sasa?"
Hayuko.
"Hii ndiyo shade. Haina pua wala mabega,
haimfuati mtu, mtu ndiye huifuata.
Wazee hawa hawakukalia picha ya paa, kijana,
wamekaa ndani ya huruma yake."
Mzee mmoja akasema yeye amekaa
kwa sababu basi limechelewa.

Alikuwa na droo ya kadi, maneno pacha
yaliyozaliwa siku moja na kuchukiana.
Envy hutamani mbuzi wa jirani;
jealousy hukesha zizini, fimbo mkononi, ikilinda wake.
Bring na take: kwanza uliza
mlango uko upande gani wa msemaji.
Nilizisoma wakati wa chakula, makombo yakiniangukia.
Kadi moja ilikuwa na maneno matupu,
forgive, pardon,
na chini yake nafasi nyeupe, na doa la chai.

Desemba likaja tangazo la kumbukumbu,
mwandiko wake mwenyewe, ulioegemea kulia.
Jory Trevanion. Miaka thelathini
tangu mgodi umrudishe juu amefunikwa turubai.
Kiongozi wa chama, sauti iliyosimamisha winchi,
mtu ambaye babu yangu alimvulia kofia,
babu yangu Mdalmatia
asiyemvulia kofia hata padri.
Na mstari wa mwisho:
mjane wake angali anaishi
katika shadow yake.

Nitakiri: nilifurahi.
Nikaifungua kalamu nyekundu kwa meno.
"Bi Trevanion, hapa ulikusudia shade, sivyo?
Mume, mti mkubwa, mtu anapumzika..."
Nikaendelea kidogo, nikimrudishia somo lake
kama mtoto anayerudisha chenji kamili.

Hakuinua uso. Alivua miwani,
akaifuta kwa ncha ya blauzi, taratibu,
na mkono ukajitokeza kwenye tundu la taa ya meza,
kile kifundo chake kilichokaa kombo,
mfupa uliounga bila daktari.
Mwaka mzima nilikiona
nikidhani ni uzee.

"Miaka hamsini," akasema,
"hilo neno sijawahi kulikosea."

Mtambo ulikuwa unanguruma chini yetu.
Nikaifunika kalamu. Sikujua niseme pole
au nisamehe, au niombe radhi;
nilikuwa na maneno matatu na hakuna lililoenea.
"Nusu saa imebaki," akasema. "Soma bei za zinki."

Tangazo likachapwa lilivyo. Mji ukalisoma,
wengi wakasema: alimpenda sana.

Saa sita mchana alitoka kununua mkate.
Veranda zimefunguka kulia na kushoto, poa, za bure.
Yeye akapita katikati ya barabara, lami ikinata,
kikapu kwenye mkono ule ule,
na nilipochungulia dirishani nikakiona cha kwake,
kimekunjamana chini ya viatu,
kidogo kama leso,
kikienda alikokwenda yeye.